King'ora Kilichofunga Geti

Nimempiga mzee mara moja maishani mwangu na sijutii. Nilimpiga kwa begi la nguo za wateja, kifuani, mbele ya mtaa mzima, saa ambayo watu wanakwenda sokoni. Habari hiyo bado inasimuliwa kwenye foleni ya maji kana kwamba niligombana naye kilabuni kwa ajili ya pombe. Wanachokiruka ni kwamba mwanangu alikuwa ndani, kwenye moshi, na mzee yule alikuwa ameliegemea geti lisifunguke. Kwa hiyo leo nasimulia mimi.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili vya uani, hapa Songea, upande wa mji unaoupokea upepo wa Matogoro kabla ya watu wengine. Anayeijua Songea mwezi wa sita na wa saba anaijua baridi ninayoisema. Ukungu unakaa juu ya mabati hadi asubuhi imekwisha. Nguo unaanika mbichi na kuanua mbichi. Nyumba kubwa ya mbele walikaa mume na mke, wote watumishi wa serikali, wanaotoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo mchana kutwa ua ulikuwa wetu. Ukuta ulizunguka pande zote, juu umepandwa vipande vya chupa, na geti lilikuwa moja tu, la chuma. Mwenye nyumba aliupenda ule ukuta kuliko nyumba yenyewe. Ukienda kumwambia choo kimeziba, anakujibu kwamba hata hivyo mwizi hapiti.

Baba wa mtoto wangu ni dereva wa lori la makaa ya mawe, anatembea huko upande wa Mbinga na kwingine, nyumbani anafika kama mgeni. Mimi nina cherehani kwenye kibanda mwisho wa mtaa. Binti yetu alikuwa na miaka mitatu, na mchana alikaa naye mama mkwe wangu, ambaye aliacha shamba lake la mahindi kule Maposeni ili aje anisaidie. Sikio lake moja halisikii vizuri, na la pili linasikia linachotaka.

Kabla ya baridi ile kuanza, mtaa wa pili na wetu iliungua nyumba na watoto wawili ndani. Mama yao alikuwa amekwenda kuchota maji, akawafungia kwa kufuli wasije wakatoka barabarani. Nani kati yetu hajawahi kufanya hivyo? Tulikwenda msibani, tukakaa mkekani, tukapika, tukaosha vyombo. Nilipofika nyumbani nikampigia baba wa mtoto. Nikamwambia safari hii sitaki kitenge, sitaki samaki wa ziwani, nataka kile kidude kinacholia kikinusa moshi. Akaniuliza nimekiona wapi. Nikamwambia kwenye simu, wewe lete.

Akaleta kimoja, cheupe, cha mviringo, kama kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, akakifunga darini. Kitambua moshi. Mama mkwe alikiita jicho, na siku za mwanzo alikuwa akibadili nguo anakipa mgongo.

Siku kilipolia, mimi nilikuwa bombani. Bomba letu liko nje ya ukuta, mbele kidogo. Tulikuwa kwenye foleni tukasikia sauti nyembamba, kama kifaranga aliyebanwa na mlango. Mmoja akasema kuna mtu simu yake inaita, mwingine akasema simu gani inalia kama ina njaa, tukacheka. Nikajitwika ndoo yangu. Kadiri nilivyolikaribia geti, kile kifaranga kikawa kinakua. Uani nikaitua ndoo chini, maji yakamwagika yote. Nilipofungua mlango, mama mkwe alikuwa amesinzia kwenye kigoda, jiko la mkaa liko mbele ya miguu yake, na sweta la mtoto lililokuwa limeanikwa kwenye kiti limeanguka upande wa jiko, mkono wake unafuka. Mtoto alikuwa kitandani anakohoa.

Hakikuungua kitu zaidi ya mkono wa sweta. Lakini hasira ilinikaa mpaka jioni. Kidude kilikuwa kimefanya kazi yake. Kililia. Kiliwalilia watu wawili, mmoja hasikii, na mwingine mkono wake haufiki kwenye komeo.

Baba wa mtoto alisema kwa simu kwamba dawa ni rahisi, mama asiingize jiko ndani. Nikamwambia amwambie yeye, ni mama yake. Akasema mtandao unasumbua. Basi nikamwambia mimi, kwa adabu zote, nimepiga goti. Mama mkwe alinitazama kwa huruma, kama mtu ambaye mwanawe ameoa kwenye familia isiyofundwa.

"Mwanangu, nyumba isiyo na moto ndani ni kaburi," alisema. "Kwetu mahindi tunayaweka juu ya moto, moshi ndio unaoyalinda yasiliwe na dumuzi. Leo ninyi moshi mnauwekea askari."

Baridi ilikuwa ya kweli, na mtoto alikuwa anakohoa kwa baridi kabla hajakohoa kwa moshi. Nikaona nisipoteze muda kugombana na jiko. Nilichotaka ni kwamba siku nyingine kikilia, kisiwalilie walio ndani peke yao. Kiwalilie watu wa nje, wenye miguu na mikono.

Nikamtafuta fundi mmoja wa mjini anayefunga kamera na alamu kwenye maduka. Ni mtu wa maneno mengi. Alikitazama kidude chetu akakicheka, akasema hiki hakina mdomo wa kutolea waya, kinajililia chenyewe tu. Akanitafutia vingine viwili vinavyotoa waya, kimoja kwa kila chumba. Alinieleza hivi, na kwa hili alieleza vizuri: kikinusa moshi, kinabonyeza swichi ndogo ambayo yeye anaiita relei, na relei inaruhusu umeme wa betri uende kwenye king'ora. Betri yenyewe ni ya pikipiki, kwa sababu umeme wa Songea ukikatika ndipo watu wanawasha mishumaa, na mishumaa ndiyo inayochoma nyumba.

King'ora alitaka kukifunga ukutani kwetu, chini ya paa. Nikakataa. Nilitaka kikae juu ya geti, kitazame njia, kikilia mtu wa njiani asiweze kusema ni simu. Mwenye nyumba alipopata habari alikuja amekunja uso. Aliuliza nani ameniruhusu kutoboa ukuta wake, na kama nimeiona nyumba yake ni benki. Nilimwambia shikamoo, nikamwambia kuna watoto wawili wamezikwa mtaa wa pili, na kama anataka wa tatu atoke kwenye ukuta wake aniambie hapohapo niandike. Alitazama pembeni. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama king'ora hicho kinaweza pia kuzuia wezi. Fundi wangu, asiyejua kunyamaza, akamwambia mzee, hiki ndicho kilekile cha madukani, mwizi akikisikia anaacha hata viatu. Mwenye nyumba akaondoka ameridhika.

Siku ya kukijaribu fundi alichoma kitambaa kwenye kopo akalisogeza darini. King'ora kikalia. Sijawahi kusikia kelele ya namna ile ikitoka nyumbani kwangu, ilipanda na kushuka mpaka meno yakauma. Mwanangu alikimbia akajificha nyuma ya bibi yake. Na mtu wa kwanza kutokea nje alikuwa mzee wa nyumba ya mkabala, mwanajeshi mstaafu, mkuu wa ulinzi wa mtaa, yuko na fulana ya ndani na rungu mkononi.

Tulimwamkia. Akaitikia, akakizunguka king'ora kwa macho akakikubali.

"Safi sana, binti. Sasa aingie tu, hatoki mtu hapa."

Nikamwambia baba, hii si ya mwizi, ni ya moshi. Kukiwa na moto ndani inalia, ili mje mtusaidie. Akacheka, akasema moto, mwizi, wote maadui, wewe usijali, tupo. Nikarudia. Akanipiga bega kidogo kwa upendo, akarudi kwake.

Nimeandika hilo ili anayesoma ajue nilisema. Nilisema mara mbili, kwa Kiswahili.

Siku yenyewe ukungu ulikuwa mzito, kutoka kibandani kwangu sikuiona hata miti ya upande wa pili wa njia. Nilikuwa naweka kola kwenye shati la sare ya shule king'ora kilipolia. Sikujiuliza ni cha nani. Mguu uliiacha pedeli wenyewe. Niliondoka na begi la nguo zilizokwisha kushonwa, sijui kwa nini, nadhani mkono ulikuwa umeshalishika.

Mbele yangu niliwaona wanaume wanatoka kwenye nyumba zao na kukimbia kuelekea kwetu. Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilikimbia nikiwa nimefurahi. Nilisema moyoni, kimefanya kazi, wanakwenda kumtoa.

Halafu nikawakaribia nikaona walichobeba. Rungu. Fimbo. Mmoja alikuwa na mchi wa kutwangia. Ndoo hakuna hata moja.

Kwetu mwizi hafuatwi ndani. Hivyo ndivyo wanaume wa mtaa walivyozoea na wanajivunia: mwizi akiingia kwenye ua, mnafunga njia ya kutokea, mnasimama kimya nusu duara, mnangoja aruke ukuta akatwe na chupa au achoke ajilete. Geti letu lilikuwa na komeo la nje, la kutilia kufuli siku nyumba ikiwa tupu. Mzee alikuwa amechomeka kipande cha nondo kwenye lile komeo, na juu yake ameliegemea geti kwa bega. Wenzake walikuwa wamesimama kimya, vifua mbele, kama watu wanaovizia panya. Geti lilikuwa linatikisika. Mtu alikuwa analigonga kutoka ndani, kwa mikono miwili, bila kupumzika.

Mzee aliponiona alinyoosha mkono kunizuia, taratibu, kama unavyomzuia mtoto asivuke barabara.

"Rudi nyuma, binti. Tumemfungia. Huyo anagonga."

"Anayegonga ni mama mkwe wangu."

Hakunisikia. King'ora kilikuwa juu ya vichwa vyetu, mahali nilipotaka mimi kikae, kinatunyeshea kelele. Hata mimi mwenyewe sikujisikia. Nikarudia mpaka koo likachanika, nikasema moto, nikasema mtoto, nikaonyesha kwa mikono. Akatingisha kichwa, akagusa sikio lake kuonyesha hasikii, akanielekeza tena nirudi nyuma. Nilitazama juu ya ukuta kutafuta moshi wa kumwonyesha. Moshi ulikuwapo, lakini kila ua wa mtaa ule ulikuwa unatoa moshi, ilikuwa saa ya majiko, na wote ulikuwa umejichanganya na ukungu.

Ndipo nikampiga. Begi lilimwingia kifuani, akarudi nyuma hatua, nikapata nafasi ya kuishika nondo. Mtu akanivuta gauni. Nikampiga teke, sijui ni nani, na wala sijataka kujua. Nondo ikatoka.

Geti lilipofunguka mama mkwe alianguka nje kwa magoti. Kilemba kilikuwa kimemtoka, uso una masizi, mkono umeungua hadi kwenye kiwiko. Mchi ulikuwa umeshapanda juu ya kichwa chake. Aliyekuwa ameushika alimtambua, ukabaki hewani, naye akabaki ameukodolea macho kama ni mtu mwingine ndiye aliyeuinua. Mama mkwe alisema kitu kwa Kingoni. Halafu akanishika mguu akasema kwa Kiswahili:

"Simpati. Mtoto simpati."

Godoro la sponji likiungua halitoi moto mkubwa. Linatoa moshi mweusi, mzito, unaoshuka hadi magotini. Chumba cha kwanza ndicho kilichokuwa kinaungua, mahali penye jiko, kiti na kitanda chetu. Nililoweka khanga kwenye beseni la vyombo, nikajifunika, nikaingia kwa kutambaa. Nilimwita. Ningemwita mwaka mzima, asingenisikia, king'ora kilikuwa bado kinalia. Nikapapasa chini ya meza, nyuma ya mlango, ndani ya tenga la nguo. Chumba cha pili nikapiga kichwa kwenye ubao wa kitanda chake, na mkono wangu ukashika kisigino.

Alikuwa uvunguni, mwisho kabisa, kwenye kona ya ukuta. Amekunja magoti na ameziba masikio kwa vidole. Nilimvuta kwa mguu kama anavyovutwa mwana mbuzi. Alijishikilia kwenye ubao wa kitanda asitoke. Alikuwa ananiogopa mimi, kwa sababu sikuwa mimi, nilikuwa kitu cheusi chenye khanga kilichotoka kwenye kelele.

Nje, kwenye mapaja ya jirani, baada ya kutapika na kulia, ndipo aliponitambua. Akaniambia, "Nilijificha, kile kinacholia kisinione."

Sitawanyima wanaume wale haki yao. Walipojua ni moto, walipambana. Ndoo zilitoka kila nyumba, mchanga, maji ya kuoshea nguo, mpaka uji wa mtu ulimwagwa mle. Mzee mwenyewe ndiye aliyelikamata lile godoro kwa mikono mitupu akaliburuta hadi uani, na kiganja chake kikachubuka chote. Fundi alipigiwa simu akaja kukizima king'ora, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kinavyozimwa. Kilipokoma, tulisikia jinsi tulivyokuwa tunapiga kelele wote.

Mtoto alilala hospitali, akavutishwa hewa, akarudi. Kikohozi kilikaa naye muda mrefu. Baba yake alifika na lori, akalia, kisha akaanza kumfokea mama yake, nikamwambia akome. Bibi yule alikuwa ameingia kwenye ule moshi kabla yangu na mkono wake ulikuwa unatuonyesha. Toka hapo hakuingiza tena jiko ndani, na hakuna aliyemwambia. Alikaa na mablanketi mawili.

Nilidhani sasa watu wataniuliza mtoto anaendeleaje. Wakaniita kwa balozi wa nyumba kumi.

Tulikaa uani kwa balozi, mimi na mama mkwe upande mmoja, mwenye nyumba, mzee na majirani upande wa pili. Balozi alianza kwa pole nyingi, halafu akafika alipokuwa anakwenda. Mtaa umesikitika kwamba binti mdogo amempiga mzee. Ni jambo zito. Hata kama palikuwa na sababu, mzee ni mzee, niombe radhi. Mwenye nyumba akadakia kwamba yeye anataka king'ora kishushwe, kimemletea fujo, na ukuta umebomoka kwa ndani. Nikamwambia komeo la nje ndilo la kukatwa, kisha tuongee habari za king'ora. Akasema komeo halikatwi, bila komeo ukuta una kazi gani? Nikasema mtakaa hapa mpaka kesho, radhi siombi. Mama mkwe alinibana goti, lakini sikuomba.

Kiganja cha mzee kilikuwa kimefungwa bandeji, amekiweka juu ya paja kama kitu cha mtu mwingine alichopewa amtunzie. Alipofungua mdomo hakuniangalia.

"Radhi sitaki," alisema. "Ila nisingefanya tofauti. Sauti ile nimeisikia kwenye maduka, nimeisikia kwenye magari. Inasema mwizi. Haijawahi kuniambia neno lingine."

"Mimi nilikuambia, baba. Ulisimama pale na rungu lako nikakuambia ni ya moshi."

"Wewe uliniambia. Yenyewe haikuniambia."

Kuna watu wana bahati mbaya ya kusema kweli wakati unataka kuwachukia. Niliinuka nikaenda zangu kabla balozi hajafunga kikao, na hilo nalo likaongezwa kwenye makosa yangu.

Nilikuwa na hasira siku zile hata sindano za cherehani zilikuwa zinanivunjikia. Nilikuwa naifikiria sauti. Niliifunga ili iite watu, ikawaita, wakaja, wakafunga geti. Niliifunga ili imwokoe mtoto, ikamtia uvunguni. Kila kitu ilichokifanya kilikuwa kinyume, na kila waya ulikuwa umefungwa sawasawa.

Nilikwenda sokoni kununua uzi. Pale wanapouzia vitunguu kila muuzaji ana kipaza sauti chake, kile cha kushika mkononi, amejirekodi mara moja asubuhi, kinatangaza peke yake kutwa nzima huku yeye anakula chipsi. Nilipita hapo siku zote bila kusikia kitu. Siku ile nilisimama. Mwenye vitunguu hakuwapo kabisa, alikuwa ameenda chooni, na bado alikuwa ananiambia vitunguu vyake ni vikavu na vinatoka wapi, na mimi nilikuwa namwelewa kila neno.

Fundi alipoona nimekiweka kipaza sauti cha namna hiyo mezani kwake alicheka mpaka akafuta macho.

"Dada, hiki ni cha kuuzia vitunguu. Unataka moto uje kununua?"

Nikamwambia nimeshacheka sana mwaka huu, afunge. Akasema haitakuwa na sauti kubwa kama king'ora. Nikasema haina haja ya kufika Mbinga, ifike mkabala. Aliponiona sitoki, akakifungua. Kwa kuwa ni mtu wa kujisifu, kazi ilipoanza kumnogea ikawa ni wazo lake. Akaiacha relei ileile, betri ileile, akaongeza waya mmoja, ili moshi ukibonyeza, kipaza sauti kiwake na kuanza kusema. King'ora akakishusha, akakichukua kama sehemu ya malipo yake, na mahali pake juu ya geti pakawa pa kipaza sauti.

Ilibaki kurekodi. Nilikuwa nimesimama uani na kile kidude mdomoni, nimeandaa maneno yangu, moto, moto, njooni mtusaidie. Mzee akaingia getini. Tangu kikao tulikuwa tunaamkiana kama watu waliokutana polisi. Shikamoo. Marahaba. Akasimama, akasikiliza nilivyokuwa najaribu, akasema kwamba hivyo si sawa.

Nikamwuliza si sawa nini.

"Ukianza na moto, watu watauliza wapi. Nasi tutakuwa tumeshafika hapa, na mkono umeshashika komeo. Anza na geti."

Niliudhika kwa sababu alikuwa sahihi, na nadhani aliona, kwa kuwa hakungoja nijibu. Alikwenda zake, akiwa ameukumbatia ule mkono wa bandeji.

Nikabonyeza. Nilikuwa nimekusudia kusema vizuri, kama wanavyosema watangazaji. Lakini nilipoanza na geti, nililiona geti, nikaona nondo, nikasikia mikono ya mama mkwe inagonga. Sauti ilitoka ilivyotoka. Katikati ilikatika, mahali pa mtoto, nikameza mate, nikamalizia. Fundi alisikiliza akasema turudie, hapo katikati pamekwama. Nikamwambia hairudiwi. Paachwe.

Tulijaribu Jumapili, baada ya misa, watu wote wakiwa nyumbani. Balozi alitangaziwa. Mwenye nyumba alikuja kulilinda komeo lake, akalifunga kwa nondo yeye mwenyewe, nami nikamwacha alifunge. Mama mkwe alikaa ndani na mtoto, anamsuka. Kwa mtoto sikutaka aambiwe chochote. Fundi alichoma kitambaa, akaingiza kopo. Mimi nilisimama nje, njiani, na wale wanaume, wengine wametoka na ndoo na wengine, kwa mazoea, na fimbo.

Kikaanza. "Fungua geti. Moto. Mtoto wangu yumo ndani. Fungua geti." Kwenye mtoto sauti ilikatika, kama nilivyojua itakatika, kisha ikaendelea, ikarudi mwanzo. Hakuna aliyeunda nusu duara. Mzee alivuka njia na malapa, akaichomoa nondo kwa mkono wake mzima, akalisukuma geti mpaka likagonga ukuta, akaingia. Wengine wakamfuata na ndoo zao.

Mimi sikuingia. Nilikuwa nangoja kuona kama mtoto ataingia uvunguni.

Alitoka anakimbia. Nusu ya kichwa kimesukwa, nusu imesimama, mguu mmoja una kiatu. Akawapita wanaume wote miguuni mwao bila kuwaona, akaja mpaka getini, akasimama, akakiinulia uso kile kipaza sauti.

"Mama, nimekuja," alikiambia.

Nilikuwa chini yake palepale, hatua moja. Nilitaka kumjibu, lakini huko juu nilikuwa bado nasema.